Kupanga vihatarishi vya ujenzi wa reli kwa uigaji wa Excel

Maswali ni yale yale. "Nina rejesta yenye vihatarishi arobaini, nianze na kipi?" "Bosi anataka P80, ndiyo kitu gani?" "Mpaka ninunue programu ya dola elfu?" Nimeyajibu kwenye simu, nimeyajibu kantini nikiwa na chapati mkononi. Sasa nayaandika mara moja, na ukiniuliza tena nitakutumia hapa.

Programu usinunue. Excel uliyonayo inatosha, hata LibreOffice Calc ya bure inatosha.

Kwa nini ujisumbue wakati tayari una lile jedwali la rangi nyekundu, njano na kijani? Kwa sababu lile jedwali linapima hofu ya watu waliokaa kikaoni. Mwaka 1898 simba wawili waliwala vibarua wa daraja la Tsavo, na wenzao wakakimbia kambi. Angekuwepo mtu wa vihatarishi siku hizo, simba wangepakwa nyekundu iliyokolea na kikao kizima kingepiga kura ya ndiyo. Lakini kujua kitu kinatisha ni jambo moja, na kujua kitakula wiki ngapi za mradi ni jingine. Uigaji, au simulesheni kama wengi tunavyoita, unajibu hilo la pili: unaujenga mradi wako mara elfu tano kwenye kompyuta, kila mara kwa bahati tofauti, kisha unahesabu nini kiliuchelewesha.

Mfano wa karibu: mkataba wa SGR kipande cha Dar es Salaam hadi Morogoro ulisainiwa Februari 2017 kwa muda wa miezi 30. Abiria wa kwanza wa nauli walipanda Juni 2024. Namba moja iliyonyooka kama ile "30" ndiyo aina ya namba tunayotaka kuihoji hapa.

Uwe na nini kabla ya kuanza

- Mpango kazi uliofupishwa hadi shughuli tano mpaka kumi na tano. Ule wenye mistari 1,200 uache kwa mtu wa ratiba.
- Watu watano au sita wa kuhojiwa: mthamini wa ardhi, mhandisi wa tuta, mhandisi wa madaraja, mtu wa manunuzi anayejua bandari, mhasibu, na mwenyeji mmoja anayeujua mto.
- Kumbukumbu za mvua za eneo lako, miaka kumi au zaidi ukizipata.
- Siku mbili za mahojiano na nusu siku ya Excel. Ukijikuta umefanya kinyume, yaani nusu siku ya kuuliza na siku mbili za kupamba grafu, rudi nyuma.

Mfano nitakaoutumia ni wa kubuni: kipande cha kilomita 25 kinachokatiza bonde lenye mto wa msimu. Namba zake ni za kufundishia, usizipeleke kwenye ripoti yako.

Hatua ya 1: Chora mtiririko wa kazi

Kwenye karatasi, kwa kalamu. Wetu ni huu: kwanza ardhi ikabidhiwe, kisha tuta na madaraja (pamoja na makalavati) vinakwenda sambamba, vyote viwili vikiisha ndipo zinatandikwa kokoto, mataruma na reli, mwisho nyaya za umeme na mfumo wa ishara.

Lile neno "sambamba" litunze. Litakuletea taabu kwenye hatua ya 7.

Hatua ya 2: Kusanya vihatarishi kwa miguu

Wanaoanza hukaa ofisini na kunakili rejesta ya mradi uliopita. Ndiyo maana kila rejesta ina "tetemeko la ardhi" na hakuna yenye "mabomba ya maji ya kijiji ambayo hayapo kwenye ramani yoyote".

Tembea kwenye mkuza, yaani ukanda wa ardhi itakamopita reli. Niliwahi kupita bonde moja na mzee aliyefanya kazi kwenye genge la njia ya zamani tangu ujana wake. Nilimwamkia, tukaenda polepole. Kwenye mkaratusi mmoja akasimama, akanionyesha nyasi kavu zilizonasa kwenye tawi, juu ya kichwa changu. "Mwanangu, hizo hazikupandishwa na upepo." Maji yalifika pale. Kwenye michoro yetu kalavati la mahali hapo lilikuwa la kipenyo cha mita moja.

Reli ya kati ya zamani, kati ya Kilosa na Gulwe, ni darasa tosha kwa hili. Njia inafuata bonde la mito Mkondoa na Kinyasungwe, na mafuriko ya mwisho wa 2009 na mwanzo wa 2010 yaliisomba na kusimamisha treni. Kama unajenga karibu na njia ya zamani, historia ya matengenezo yake ni rejesta uliyoandikiwa bure.

Tazama na nje ya mkuza. Kenya, kipande cha Nairobi hadi Naivasha kilikutana na kesi za mazingira mwaka 2016 kwa sababu ya kupita Hifadhi ya Taifa ya Nairobi. Hakuna mhandisi wa tuta atakayekutajia kesi. Muulize mwanasheria.

Hatua ya 3: Tenganisha kazi inayoyumba na tukio

Hapa ndipo wengi wanapotea, kwa hiyo soma taratibu.

Kuna vitu *lazima vitatokea*, ila hujui vitachukua muda gani. Fidia ya ardhi italipwa tu. Swali ni wiki nane au thelathini. Hiyo ni kazi inayoyumba. Na kuna vitu *vinaweza kutokea au visitokee*: mafuriko, meli ya reli kuchelewa bandarini, wizi wa nyaya za shaba. Hayo ni matukio, na yanahitaji namba ya ziada, yaani uwezekano.

Rejesta nyingi huandika matukio peke yake. Kazi zinazoyumba zinaachwa kwa sababu "hiyo ni kazi ya kawaida, siyo kihatarishi". Subiri hatua ya 9 uone kosa hilo linagharimu nini.

Hatua ya 4: Uliza namba tatu, ukianzia pembeni

Kwa kila kitu unataka muda wa chini, wa kawaida na wa juu. Usianze na wa kawaida. Ukimuuliza mtu "kwa kawaida wiki ngapi?" akajibu 36, basi ya juu atakupa 40 na ya chini 33, ameshajifunga kamba. Anza na ya juu: "Nieleze mara mbaya kuliko zote uliyowahi kuona. Ilichukua muda gani?" Acha asimulie. Kisha ya chini, mwisho ya kawaida.

Hoji mmoja mmoja. Meneja akiwepo chumbani, kila mtu anageuka shujaa na namba zote zinapungua.

Ukitaka kujua kama upana wa namba zako unaaminika, kumbuka utafiti wa Bent Flyvbjerg na wenzake wa mwaka 2002, uliopitia miradi 258 ya miundombinu ya usafiri: ile ya reli ilizidi makadirio ya gharama kwa wastani wa asilimia 45. Wastani, siyo mibaya peke yake. Gharama si muda, lakini kama ya juu yako ni asilimia kumi tu zaidi ya kawaida, mtu amekudanganya kwa adabu.

Hatua ya 5: Jaza karatasi ya Data

Fungua karatasi ya kwanza, iite Data. Mstari wa 1 ni vichwa. Vipimo vyote ni wiki.

| Mstari | A: Kitu | B: Chini | C: Kawaida | D: Juu | E: Uwezekano |
|---|---|---|---|---|---|
| 2 | Ardhi na fidia | 8 | 12 | 30 | |
| 3 | Tuta | 30 | 36 | 52 | |
| 4 | Madaraja | 28 | 34 | 56 | |
| 5 | Kutandika reli | 10 | 12 | 18 | |
| 6 | Umeme na ishara | 14 | 16 | 24 | |
| 7 | Mafuriko kwenye tuta | 3 | 6 | 16 | 0.35 |
| 8 | Mabomba yasiyo kwenye ramani | 2 | 4 | 8 | 0.30 |
| 9 | Mzigo wa reli kukwama bandarini | 2 | 4 | 10 | 0.40 |
| 10 | Malipo ya mkandarasi kuchelewa | 2 | 6 | 20 | 0.50 |
| 11 | Wizi wa nyaya | 1 | 2 | 4 | 0.25 |

Jumlisha zile za kawaida kwa kufuata mtiririko: 12 + 36 + 12 + 16 = wiki 76. (Madaraja yamo ndani ya zile 36, kwa kuwa yanakwenda sambamba na tuta.) Hiyo 76 ndiyo namba ambayo angeiandika mtu wa ratiba.

Hatua ya 6: Tengeneza bahati, kisha igandishe

Karatasi ya pili iite Bahati. Kwenye seli B2 hadi P2 andika =RAND(), kisha buruta chini mpaka mstari wa 5001. Sasa una mistari 5,000, na kila mstari ni maisha mamoja ya mradi wako.

Safu B mpaka F ni za shughuli tano, G mpaka K ni za ukubwa wa matukio matano, L mpaka P ni za kuamua kama tukio limetokea.

Nakili eneo lote, bandika juu yake kama thamani tupu. Usipoigandisha hapa, kila ukigusa kitufe namba zote zinaruka, na kesho hutaweza kumwonyesha mtu matokeo ya leo.

Hatua ya 7: Fomula

Karatasi ya tatu, Uigaji. Fomula ya msambao wa pembetatu (inageuza namba ya bahati kuwa muda kati ya chini na juu, mara nyingi karibu na kawaida) ni ndefu lakini unaiandika mara moja. Kwenye B2, kwa ajili ya ardhi:

=IF(Bahati!B2<(Data!$C$2-Data!$B$2)/(Data!$D$2-Data!$B$2), Data!$B$2+SQRT(Bahati!B2*(Data!$D$2-Data!$B$2)*(Data!$C$2-Data!$B$2)), Data!$D$2-SQRT((1-Bahati!B2)*(Data!$D$2-Data!$B$2)*(Data!$D$2-Data!$C$2)))

Safu C ni tuta: fomula ile ile, ila $2 zote za Data zinakuwa $3, na Bahati!B2 inakuwa Bahati!C2. Endelea hivyo hadi K. Kwa matukio, yaani G mpaka K, ifunike fomula yote kwa IF nyingine. Mafuriko yatakuwa:

=IF(Bahati!L2<Data!$E$7, …fomula ya pembetatu kwa mstari wa 7 na Bahati!G2…, 0)

Mabomba yanatumia M2 na $E$8, na kadhalika.

Safu L ya Uigaji ndiyo muda wa mradi mzima:

=B2+MAX(C2+G2,D2+H2)+E2+I2+F2+K2+J2

Soma ile MAX. Mafuriko (G) yameongezwa kwenye tuta (C), mabomba (H) kwenye madaraja (D), kisha kinachochukuliwa ni kirefu kati ya viwili. Ukijumlisha tu kila kitu utauongezea mradi wiki ambazo hazipo. Ukichukua tuta peke yake utasahau kwamba daraja linaweza kukuchelewesha wakati tuta limeshamalizika na greda zimeegeshwa. Malipo (J) nimeyaweka nje ya mabano, kwa sababu mkandarasi asipolipwa anasimamisha kila kitu.

Buruta B2 hadi L2 mpaka mstari wa 5001.

Hatua ya 8: Soma muda

=PERCENTILE(L2:L5001,0.5) inakupa P50. =PERCENTILE(L2:L5001,0.8) inakupa P80, yaani muda ambao katika maisha 100 ya mradi, 80 yanamalizika ndani yake. Ndicho bosi anachotaka.

Kwa namba zetu, P50 inaangukia karibu wiki 100, na P80 karibu 108 au 109. Sasa jaribu ile 76:

=COUNTIF(L2:L5001,"<=76")/5000

Jibu ni chini ya 0.01. Mpango uliojengwa kwa namba za "kawaida" tupu hautimii hata mara moja katika mia. Hakuna aliyedanganya, kila mmoja alitoa namba yake ya kawaida kwa nia njema, ila mambo matano ya kawaida hayatokei yote kwa mpigo.

Hatua ya 9: Panga vihatarishi

Chini ya kila safu B mpaka K, sema mstari wa 5003, weka:

=CORREL(B2:B5001,$L2:$L5001)

Inapima jinsi kitu hicho kinavyopanda na kushuka pamoja na muda wa mradi. Panga kutoka kubwa hadi ndogo, chora nguzo za kulala, na hiyo ndiyo orodha yako.

Kwetu juu kabisa ni malipo ya mkandarasi, kiasi cha 0.55, na ardhi inafuata karibu na 0.5. Halafu kuna kundi lililobanana kati ya 0.25 na 0.3: mzigo wa bandarini, tuta, madaraja, mafuriko. Ndani ya kundi hilo usigombane kuhusu nani wa tatu na nani wa nne. Ukibadilisha bahati wanabadilishana viti. Umeme na utandikaji ziko chini yao kidogo. Mabomba na wizi wako mkiani, kama 0.1.

Ona sasa. Ardhi isingeonekana kwenye rejesta ya matukio, nayo ni ya pili. Mafuriko yale yaliyotutia hofu bondeni yako katikati, kwa kuwa sehemu ya wiki zake inamezwa na madaraja yanayoendelea sambamba. Na viwili vya juu havitibiwi na mhandisi yeyote wa eneo la kazi. Vinatibiwa ofisini, na mhasibu na mthamini.

Hatua ya 10: Zima kimoja kimoja

Cheo hakitoshi, mkubwa atauliza "nikilitatua hili napata nini?" Weka uwezekano wa malipo kuchelewa kuwa 0, tazama P80: inashuka karibu wiki sita. Rudisha 0.50. Badili ardhi iwe kama tayari inajulikana, kwa kuandika 12 tupu kwenye safu B ya Uigaji badala ya fomula: P80 inashuka wiki tano na kitu. Zima mafuriko: kama wiki mbili. Zima wizi: nusu wiki hivi.

Kwa kuwa bahati umeigandisha, tofauti unayoiona inatokana na ulichozima. Hapo ndipo linganisha na gharama. Kalavati kubwa zaidi likiwa nafuu, lijenge hata kama mafuriko ni ya kati kwenye orodha.

Makosa ninayoyaona kila mara

*Kuandika RAND() mara mbili ndani ya fomula ya pembetatu.* Namba inayochagua upande inakuwa si ile inayokokotoa muda, na matokeo ni takataka yenye sura nzuri. Ndiyo maana tuna karatasi ya Bahati.

*Kuhesabu kitu kimoja mara mbili.* Mhandisi alipokupa wiki 52 za tuta, je, alikuwa tayari anakumbuka mwaka wa mafuriko? Kama ndiyo, punguza ya juu au ondoa tukio. Muulize wazi.

*Kujifanya kila kitu kinajitegemea.* Mwaka wa mvua kubwa unaathiri tuta, barabara za kupitishia kokoto, na madaraja kwa pamoja. Njia rahisi: ongeza safu Q kwenye Bahati, iwe "mwaka wa mvua" ikiwa chini ya 0.3, kisha kwenye mafuriko badala ya Data!$E$7 weka IF(Bahati!Q2<0.3,0.7,0.2). Kwa jumla uwezekano unabaki 0.35, lakini sasa unaweza kutumia Q hiyo hiyo kwa kingine chochote kinachochukia mvua.

*Kusahau kalenda.* Dodoma mvua ni msimu mmoja, kuanzia Desemba hadi Aprili hivi. Pwani kuna vuli na masika. Ardhi ikichelewa, tuta linaweza kusukumwa kutoka kiangazi hadi katikati ya mvua. Mfano wetu haulioni hilo. Ukishazoea, fanya uwezekano wa mafuriko utegemee thamani ya safu B.

Ikigoma

*Excel inakataa fomula.* Kompyuta yako huenda imewekwa lugha au nchi inayotumia nukta-mkato kutenganisha. Badili koma za ndani ya fomula ziwe nukta-mkato (;). Na nukta za desimali ziwe koma.

*Inatoka #NUM!.* Mahali fulani SQRT imepewa namba hasi, pengine umechanganya mistari ya Data ndani ya fomula moja. Mara nyingi ni kidole kilichoteleza.

*Inatoka #DIV/0! kwenye safu nzima.* Chini na juu zinalingana. Kitu kisichoyumba hakihitaji pembetatu. Andika namba yenyewe. Ikitokea kwenye CORREL, safu hiyo haibadiliki hata kidogo, pengine bado umeizima.

*Sijui kama fomula zangu ziko sawa.* Chukua wastani wa safu B. Kwa pembetatu unatakiwa kukaribia (8 + 12 + 30) ÷ 3, yaani 16.7. Wastani wa safu ya mafuriko, sifuri zikiwemo, ukaribie 0.35 × 8.33, kama 2.9. Ukipata 8.3 hukuifunika kwa IF ya uwezekano. Ukipata 5.4, umegeuza alama ndani ya IF hiyo: umeandika "kubwa kuliko" badala ya "ndogo kuliko".

*Kila ninapofungua faili P80 inabadilika.* Hukuigandisha Bahati. Rudi hatua ya 6.

*Faili limekuwa zito, mashine inakoroma.* Punguza mistari hadi 2,000 wakati unajenga, rudisha 5,000 wakati wa ripoti. P80 itacheza sehemu ndogo ya wiki tu.

*Bosi anasema wiki 109 ni nyingi, nipunguze.* Usiguse fomula. Mpe karatasi ya Data na kalamu, mwambie achague namba gani ya juu anayoikataa, na aandike jina lake pembeni. Mara nyingi hurudisha karatasi ikiwa safi.